Vani ya kulala: kufuli, king'ora na traka, kutoka kwa aliyewahi kuibiwa

Vani yangu iliibwa usiku na hakuna kilichovunjwa. Asubuhi nilitoka na ndoo ya maji ya kuoshea vioo, nikakuta mahali patupu. Umande ulikuwa umetanda kote, hata pale ilipokuwa imeegeshwa, na hapo ndipo nilipojua kwamba imeondoka zamani. Funguo zote mbili zilikuwa ndani ya nyumba: mmoja unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa mbele, mwingine kwenye droo.

Ilipatikana siku ya 11 kwenye mtaa wa kimya, imeegeshwa vizuri kama gari la mkazi wa pale. Polisi aliyenipigia alinieleza kuwa wezi wengi hufanya hivyo makusudi. Wanaiacha mahali siku kadhaa waone kama kuna mtu anaifuata, kisha ndipo wanaihamisha. Mimi sikuwa na chochote cha kuifuatia. Aliyeitambua ni mtu aliyeona picha niliyosambaza. Godoro lilikuwa limetupwa, jiko limeng'olewa na mpira wake wa gesi umekatwa kwa kisu, na michoro ya binti yangu iliyokuwa imebandikwa juu ya kitanda chake ilikuwa sakafuni ina alama za viatu.

Nimeitengeneza upya, na kwa miaka 3 sasa nimekuwa nikijifunza namna ya kuifunga. Haya ndiyo ninayomwambia kila mwenye vani anayeniuliza. Lakini kuna sharti ninaliweka mbele ya yote, kwa sababu maelezo mengi ya ulinzi wa magari hayaligusi: humo ndani wanalala watu. Chochote unachofunga ili mwizi asiingie, lazima kikuruhusu wewe kutoka gizani, umeshtuka usingizini, moshi umejaa. Kifaa kisichotimiza sharti hilo sikifungi, hata kiwe imara namna gani.

Jinsi zinavyoondoka

Usinunue kitu kabla hujajua yako inaweza kuibwa kwa njia ipi, maana vani mbili za umri tofauti zinaibwa kwa njia tofauti kabisa.

Yangu ilikuwa ya kuwasha kwa kitufe, ufunguo ukibaki mfukoni. Gari la namna hiyo hutoa mawimbi hafifu, kwa kawaida ya takriban kilohezi 125, yanayofika mita moja au mbili tu. Ufunguo ukiyasikia, hujibu kwa mawimbi yenye nguvu zaidi, na gari hufunguka. Wezi huja wawili. Mmoja husimama karibu na mlango wa nyumba na antena iliyofichwa kwenye begi, mwenzake husimama kando ya gari. Vifaa vyao huyabeba yale mawimbi hafifu kutoka kwenye gari hadi kwenye ufunguo uliolala ndani ya nyumba, ufunguo unajibu, na gari linaamini mwenyewe yuko pale pale. Kazi yote inaweza kuisha ndani ya dakika moja. Ule msumari wangu kando ya mlango ulikuwa mahali pabaya kuliko pote nyumbani.

Imobilaiza ya kiwandani haikusaidia kitu, na watu wengi hawaelewi kwa nini. Kazi yake ni kuhakikisha ufunguo ni wa kweli kabla injini haijawaka. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya tangu 1998, na ilipunguza sana wizi wa kuunganisha waya chini ya usukani. Ila hapa ufunguo wa kweli ndio uliojibu, kwa hiyo imobilaiza haikuwa na sababu ya kukataa.

Njia ya pili ni soketi ya uchunguzi, ile ambayo fundi huchomeka kompyuta yake, mara nyingi chini ya dashibodi upande wa dereva. Mwizi aliyeshaingia anaweza kuchomeka kifaa chake hapo na kulifundisha gari ufunguo mpya. Njia ya tatu ni ngeni zaidi. Magari ya sasa yana mfumo wa waya mbili ambao kompyuta zake zote huongea humo, mfumo uliotambulishwa na Bosch mwaka 1986. Ujumbe unaopita kwenye waya hizo haubebi uthibitisho wa nani kautuma. Mwizi akizifikia kutoka nje, kwa mfano nyuma ya taa ya mbele baada ya kuvuta bampa, anaweza kutuma ujumbe wa uongo kuwa ufunguo upo na milango ifunguliwe. Ukikuta bampa yako imelegea upande mmoja au taa imechezewa na hukumbuki kugonga popote, usipuuze. Huenda mtu alianza kazi akakatizwa.

Kama vani yako ni ya zamani, ya ufunguo wa kuzungusha usio na chipu, hayo yote hayakuhusu. Yako itaibwa kwa bisibisi na nyundo, kwa hiyo fedha zako ziende kwenye chuma.

Na wako wezi wasiotaka gari lenyewe. Wanataka betri, kompyuta ndogo, baiskeli za nyuma, au kile kisafisha moshi kilicho chini, ambacho kina platini, paladi na rodi. Hao huja na jeki na grinda.

Ufunguo wenyewe

Hili ndilo la bei ndogo kuliko yote, anza nalo leo. Nunua mfuko unaozuia mawimbi, wenye kitambaa cha nyuzi za metali ndani, na ununue miwili, kwa sababu ufunguo wa akiba unajibu sawasawa na ule unaoutumia. Kisha upime. Tia ufunguo ndani, funga vizuri, nenda usimame ukigusa mlango wa gari, jaribu kufungua. Ukifunguka, mfuko haufai. Rudia kila mwezi, maana kitambaa hukatika pale kinapokunjwa. Mfuko wangu wa kwanza ulikufa baada ya miezi 8, na kwa macho ulikuwa mzima kabisa.

Soma pia kitabu cha gari lako. Baadhi ya magari hukuruhusu kuizima kabisa huduma ya kufungua bila kubonyeza, na baadhi ya funguo hulala zenyewe zikikaa bila kutikisika dakika kadhaa. Mimi niliizima. Sasa nabonyeza kitufe cha rimoti kila mara, na sijaona nilichopoteza.

Chuma kinachoonekana

Kufuli ya usukani ina kazi mbili: kumfanya mwizi apite aende kwa mwingine, na kumchelewesha asipopita. Usinunue ile ya fimbo nyembamba. Usukani wa gari ni bomba la chuma laini lililovikwa sponji na ngozi. Mwizi haikati kufuli, anaukata usukani wenyewe kwa msumeno wa mkono, anaupanua kidogo, na kufuli inachomoka. Bora ile ya sahani inayofunika usukani mzima, au ile inayoufunga pamoja na pedali ya breki au klachi. Kabla ya kulipa, ijaribu ndani ya gari lako hasa. Vani nyingi za kulala zina viti vya mbele vinavyozunguka, na kufuli ndefu inaweza kukizuia kiti kugeuka, halafu utaanza kuiacha bila kuifunga kwa sababu ya usumbufu. Kufuli isiyofungwa ni mzigo tu.

Kufuli ya tairi nzito naitumia vani ikiegeshwa wiki nzima au zaidi. Nimefunga utepe mwekundu kutoka kwenye kufuli hiyo hadi kwenye usukani, ili nisije nikaisahau na kung'oa gari nayo.

Sasa, usiku tukilala ndani, kufuli ya usukani siifungi. Najua wengi watanipinga. Lakini mimi na binti yangu tukisikia watu wanazunguka vani saa 8 za usiku mahali tusipopajua, jambo la kwanza ninalotaka ni kukaa kwenye kiti na kuondoka. Sitaki kutafuta ufunguo mdogo gizani huku mikono inatetemeka. Tukiwa ndani, ulinzi wangu ni milango. Tukiwa nje, ni kila kitu.

Milango, na ile saa ya kupimia

Mlango wa kuteleza wa vani ni bati kubwa lililoshikwa sehemu chache. Mwizi mwenye nguvu huweka goti katikati, akashika ukingo wa juu, akaukunja kuelekea nje kama mtu anayefungua kopo. Kwa hiyo kufuli moja ya ziada katikati haitoshi. Ongeza mahali pa kushikia juu au chini, panapozuia ule mkunjo. Milango ya nyuma inahitaji vivyo hivyo.

Kuna kufuli za ziada za aina mbili ambazo mafundi watakutajia. Moja hujifunga yenyewe kila mlango unapofungwa, na ilitengenezwa kwa watu wa kusambaza mizigo wanaoshuka na kupanda siku nzima. Kwenye vani ya kulala utajifungia nje ufunguo ukiwa mezani. Chagua ile ya ndoano ya chuma inayofungwa kwa ufunguo wake yenyewe, isiyohusiana kabisa na rimoti ya gari. Mwizi akiudanganya mfumo wa umeme, ndoano haijui habari hizo.

Ukifunga kufuli ya nje ya kubana milango miwili, ishikiliwe kwa bolti zinazopita hadi ndani, zikiwa na bati pana nyuma na nati upande wa ndani. Skrubu za kujichimbia kwenye bati hung'oka kwa mtaimbo mmoja. Na kabla drili haijagusa gari, toa pambo la ndani uone nyuma yake kuna nini, kwa sababu waya na mifuko ya hewa ya usalama hupita humo. Kila tundu lililochimbwa lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla bolti haijaingia. Langu moja sikulipaka, na baada ya msimu mmoja wa mvua kutu ilikuwa imeshatambaa chini ya rangi upana wa kidole.

Nilipomaliza kufunga kufuli zote mara ya kwanza nilijisikia mtulivu sana. Kisha usiku mmoja nikafanya jaribio. Nilizima taa zote, nikateremsha mapazia, nikalala kitandani na binti yangu, tukahesabu hadi 20 tukiwa tumefumba macho, halafu nikabonyeza saa ya kupimia nikasema, "Moto. Tutoke." Nikapapasa meza kutafuta shada la funguo. Nikalipata. Ufunguo wa kwanza haukuingia, wa pili haukuingia, wa tatu uliingia kinyume. Nikamsikia mtoto akipumua kwa haraka nyuma yangu ingawa alijua ni jaribio. Mlango ulipofunguka saa ilisema sekunde 52. Vani imejaa mbao, sponji na gesi. Hakuna anayesubiriwa sekunde 52.

Kesho yake nikabadilisha. Mlango wa kuteleza ukapata kufuli yenye kitasa cha kuzungusha kwa ndani, kisichohitaji ufunguo. Kufuli ya nje ya milango ya nyuma nikaamua isifungwe kamwe mtu akiwa ndani. Usiku milango hiyo hushikwa na komeo la ndani la kuvuta. Milango ya mbele naiunganisha kwa mkanda mzito wa nailoni wenye kifungo cha kubonyeza kama cha mkanda wa kiti: anayefungua mlango kutoka nje hawezi kuuvuta zaidi ya ncha ya kidole, na mimi nauachia kwa kidole kimoja. Tukapima tena. Sekunde 7 kupitia mlango wa pembeni, 9 kupitia mbele. Binti yangu anaweza kutoka mwenyewe, na hilo nililipima peke yake. Fanya jaribio hili na kila anayelala humo kabla ya kufikiria kifaa kingine chochote.

Madirisha ya plastiki ya vani ya kulala hushikwa na vishikio vidogo vya plastiki ambavyo mtu huvibenua kwa bisibisi bila kelele. Kuna vishikio vya ziada vya chuma, vifunge. Tundu la hewa la darini usiliache wazi zaidi ya upana wa kiganja mkiwa hampo.

Umeme wa kumzuia

Swichi ya siri ni rafiki wa vani za zamani na haina gharama kubwa. Fundi umeme wa gari anakata waya mmoja muhimu na kuupitisha kwenye swichi ndogo unayoificha. Swali ni waya upi. Wengi hukata wa pampu ya mafuta. Mimi nilikataa: swichi ikilegea ukiwa barabarani, injini inazimika katikati ya magari. Nilichagua mzunguko wa stata, tena ule waya mwembamba unaoiamrisha rilei, yaani swichi ya umeme inayoiwasha stata, si ule mnene unaobeba mkondo wote. Ukikatika njiani, injini inaendelea kunguruma. Utajua tu siku ya kuwasha. Mwizi anayejua gari anaweza kuukwepa, ndiyo, ila itabidi alale chini na kutafuta, na kila dakika inayopita ni hatari kwake. Usiifiche chini ya usukani wala kwenye kisanduku cha fyuzi, maana mikono yao huanzia huko. Mahali pangu sipataji, na wewe pako usimwambie mtu.

Kwa gari la kisasa kuna imobilaiza ya ziada inayosikiliza ule mfumo wa waya mbili. Huna rimoti wala taa inayowaka. Unabonyeza vitufe vya kawaida vya gari, vya kioo au vya redio, kwa mpangilio wako wa siri, ndipo injini inakubali. Mwizi aliyedanganya ufunguo, au hata aliyekunyang'anya ule halisi, hatafika mbali. Muulize fundi mambo matatu: ina hali ya gereji, ili usimpe fundi mwingine siri yako, inakuwaje betri ikifa, na je, itaondoa dhamana ya gari. Baada ya kila ziara ya gereji, badilisha mpangilio.

Kile kizima-betri cha jumla wengi wanakipenda. Angalia tu kwamba kikikata umeme wote hakikati king'ora na traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) pia.

King'ora, na usiku tunapokuwa ndani

King'ora cha gari la kawaida husikiliza mwendo ndani ya gari. Ukilala humo, wewe ndiye mwendo. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuuliza dukani ni kama kina hali ya usiku: visikilizi vya ndani vinalala, vya milango, madirisha na boneti vinabaki macho. Kisichokuwa na hali hiyo utakizima kila mnapolala, na usiku ndio unaokihitaji.

Weka visumaku vya mlango kwenye kila kinachofunguka, pamoja na makabati ya nje na lile la mtungi wa gesi. Ongeza kisikilizi cha mwinamo, kinachopiga kelele gari likiinuliwa kwa jeki au kuvutwa. Hicho ndicho kinachokulindia tairi na kisafisha moshi. King'ora chenyewe kiwe na betri yake ndani, kwani jambo la kwanza mwizi hufanya ni kukata waya wa betri kubwa. Nina viwili, kimoja nje na kimoja ndani. Cha nje kinawaita watu ambao huenda wasije. Cha ndani kinamfukuza mtu, kwa sababu kelele ya desibeli 110 ndani ya chumba kidogo cha bati haivumiliki.

Kelele za uongo ndizo zinazoua ving'ora vingi: mwenyewe anachoka, anakizima. Changu kiliwaamsha majirani wote wa kambini usiku tatu mfululizo. Nilikagua waya zote kabla ya kugundua taulo iliyotundikwa mbele ya tundu la hewa ya moto, ikiyumba kila hita inapowaka. Kabla hujalaumu kifaa, angalia mapazia, tundu la dari lililoachwa wazi, na buibui aliyejenga juu ya kisikilizi.

Mtu atakuuzia kengele ya gesi ya kulevya, akikuambia wezi hupuliza dawa kupitia dirishani ili mlale fofofo. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza kilishalijibu jambo hili hadharani: dawa ya kumlaza mtu kwa namna hiyo, bila yeye kujua na bila kumuua, haipo. Fedha hiyo nunua kengele ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye jiko au hita mbovu. Hiyo huwaua kweli watu waliolala kwenye vani.

Traka

Kufuli hununua muda. Zikishindwa zote, traka ndiyo inayoirudisha nyumba yako, na mimi niliyekaa siku 11 bila kujua iko wapi nakusihi usiliache hili la mwisho.

Traka ya kawaida hufanya kazi mbili tofauti. Inapokea mawimbi ya setilaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, inajua iko wapi, kisha inakutumia habari kwa laini ya simu. Kila nusu ina udhaifu wake. Mawimbi ya setilaiti hayapenyi bati, kwa hiyo usiifungie ndani ya sanduku la chuma. Niliificha yangu ya kwanza nyuma ya tangi la maji, chini ya fremu ya chuma ya kitanda, nikajipongeza; ilikuwa ikinionyesha mahali nilipokuwa juzi. Plastiki, mbao na kitambaa ni sawa. Nusu ya pili, ile ya simu, inategemea laini iliyo hai. Weka tarehe ya kuisha bando kwenye simu yako. Na uulize inatumia mtandao wa kizazi gani, kwa sababu nchi nyingi zinaizima mitandao ya 2G na 3G, na traka ya zamani inakufa kimya kimya.

Umeme wake ni mdogo, ila upige hesabu. Traka inayokula miliampea 5 hutumia 0.12 ya ampea-saa kwa siku, 3.6 kwa mwezi. Betri nzima ya kuwashia gari inahimili hilo, lakini ukijumlisha king'ora na imobilaiza, vani iliyoegeshwa miezi miwili inaweza kugoma kuwaka. Yangu inatoka kwenye betri ya nyumba, yaani ile ya pili ya vani inayolisha sehemu ya kulala, inayochajiwa na sola, kupitia fyuzi yake, na ina betri ndogo ya akiba ndani.

Wezi wenye vifaa hubeba vivuruga mawimbi, vinavyozima setilaiti na simu pamoja. Ndiyo maana kampuni nyingine za ufuatiliaji hutumia mawimbi ya redio ya VHF, ambayo timu yao huyanusa kwa antena hata gari likiwa ndani ya kontena au gereji ya chini ya ardhi. Huduma hiyo ina ada na haipo kila mahali. Usipoimudu, fanya nilivyofanya: traka mbili zisizofanana, mahali pawili mbali mbali. Moja ina waya na hutuma kila dakika gari likitembea. Nyingine haina waya, imelala, huamka mara moja kwa siku ikatuma mahali ilipo, ikalala tena. Mwizi akiipata ya kwanza hushangilia, akaacha kutafuta.

Na vile vitufe vidogo vya kufuatilia begi, kama AirTag iliyotoka 2021? Ninacho kimoja, lakini kama nyongeza tu. Hakina setilaiti, hutegemea simu za wapita njia zilizo karibu, kwa hiyo porini kiko bubu. Tena, kwa sababu nzuri ya kulinda watu wasifuatiliwe kwa siri, simu ya mwizi itamwambia kuwa kuna kitufe kisicho chake kinasafiri naye.

Chora mpaka kwenye programu ya traka, mduara mdogo kuzunguka ulipoegesha, na uruhusu sauti ya onyo hilo ipite hata simu ikiwa kimya usiku. Watu huwa na traka nzuri, wanaiona ramani asubuhi.

Ikiondoka

Usiifuate. Hata ukiiona nukta ikitembea, hata ikisimama mtaa wa pili. Piga polisi kwanza, upate namba ya taarifa, kisha kampuni ya traka, kisha bima. Nilipoibiwa nilipoteza saa nzima nikitafuta namba ya chesisi, ile ya herufi na tarakimu 17, kwa sababu kadi ya gari ilikuwa ndani ya gari. Sasa karatasi moja imekunjwa kwenye pochi yangu: namba ya chesisi, ya injini, za traka zote mbili, ya bima, na mahali tatu nilipochora alama yangu ndani ya kabati ambapo hakuna anayeangalia. Picha za vani pande zote, pamoja na mkwaruzo wa mlango wa nyuma, ziko kwenye simu yangu na ya dada yangu. Na bima iandikiwe kila kifaa ulichofunga, na risiti za fundi zitunzwe, maana baadhi hukataa kulipa ikiwa kufuli uliyoitaja haikuwa imefungwa usiku ule.

Kila tarehe mosi ninafanya ukaguzi. Mifuko ya funguo miwili, kufuli zote zinapuliziwa mafuta ya grafiti, jaribio la kutoka gizani, na mwisho nachomoa waya wa betri ya nyumba kimya kimya nikakaa ngazini na simu mkononi kuona kama traka itanilalamikia. Mwezi huu ujumbe uliingia baada ya sekunde 40. Mwezi uliopita haukuingia kabisa. Betri ya akiba ilikuwa imechoka, na nimeshaibadilisha.